Aliyesukuma Kijiti Hadi Mwisho

Waliponipa mikrofoni kwenye matanga ya Patron Lutala, kule Kabambare, nilisema maneno machache tu, wakakata sauti. Nilisema, "Huyu mnayemlilia ndiye aliyeshika telekomande siku ile." Basi. Mtu akachomoa waya, kijana wa muziki akaweka kwaya, na wanaume wawili wakanishika mabega kwa adabu, kama unavyomshika mlevi wa ukoo wenu, wakanisindikiza mpaka kwenye pikipiki iliyonileta. Mtoto mkubwa wa marehemu ndiye aliyenialika. Alitaka mfanyakazi wa zamani amsifu baba yake: mtu wa kwanza kuleta Maniema ndege ya kuongozwa kwa redio, ndege yenye moteri ya kweli inayokunywa petroli. Kabla yangu alikuwa amesimama Amuri, protokole wake wa siku zile, mpangaji wa mapokezi, nywele zimemwisha lakini ulimi mzima, akawaambia waombolezaji kwamba ndege ile nzuri iliharibiwa na mlevi mmoja wa Lubumbashi aliyeitwa Silvani, na mlevi huyo ndiye aliyeua wanawake wa Kasongo. Watu wakatikisa vichwa. Vijana waliozaliwa baada ya hapo wakatikisa vichwa pia, na sasa nao watawaambia watoto wao vilevile. Ndiyo sababu ninaandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, na ninaandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kuume hauna kazi tena, sababu mtaiona. Lakini majina ninayajua kuyaandika: Lutala. Kapiteni Dezire. Amuri. Hao ndio walioua. Silvani hakuua.

Mwaka ule nilikuwa kijana ninayetengeneza redio sokoni Kasongo. Vita ilikuwa imekwisha kwenye matangazo, barabarani ilikuwa bado. Lutala alikuwa ananunua dhahabu ya Lusangi na ya karibu Kabambare nzima, na safari moja alirudi Dubai na masanduku mawili marefu kama majeneza. Ndani mlikuwa na ndege. Msifikiri mchezo wa mtoto. Nikilala kando yake, ilinipita urefu. Ilikuwa nyekundu na nyeupe, na tumboni mwake mlikuwa na moteri ya mviringo, kubwa kama chupa ya chai ya moto, inayovuta hewa mbele na kutema moto nyuma, ikilia mpaka meno yanauma. Pamoja na masanduku akaja Silvani, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kule Lubumbashi alikuwa amefanya kazi kwa injinia mmoja Mzungu wa mgodi aliyekuwa anarusha ndege za namna hiyo kila Jumapili. Mzungu alipokwenda kwao, Silvani akabaki na ufundi usio na ndege, mpaka Lutala alipomsikia. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini. "Wewe njo fundi?" akauliza. Nikamwambia mimi ni Rama, fundi wa redio. "Muzuri," akasema. "Hii nayo ni redio. Tena ni redio yenye hasira."

Tulikaa katika depo nyuma ya nyumba ya Lutala, chumba cha matofali kisicho na dirisha. Ndege ililala juu ya meza mbili, sisi tukalala chini yake, katikati ya mifuko ya mchele na madumu ya petroli, ndiyo mafuta ya taa. Mpaka leo, mtu akijaza taa karibu nami, ninasikia pia harufu ya mawese na ya samaki wa moshi wa Nyangwe, kwa sababu ndivyo tulivyokula: juu ya dumu lililopinduliwa, sinia moja. Chakula alikuwa anatuletea Kashindi, binti wa Mama Feza; Kashindi ndiye aliyekuwa anapika kwa Lutala na kuongoza kikundi cha wanawake wanaopokea wageni. Hakuingia hata siku moja bila kumchokoza Silvani, aliyemwita yaya, yaani kaka. "Yaya Silvani, ni kweli kule kwenu munakula unga kila siku, mchele hamuujui?" Silvani, mdomo umejaa, "Unga unatupa nguvu ya kuoa." "Nguvu ya kuoa iko mu mfuko, baba, haiko mu unga." Alikuwa anacheka, na Silvani alikuwa anavua miwani na kuifuta wakati haina uchafu. Nilijua. Hata ndege nadhani ilijua.

Kazi ile wengi wanafikiri ni kubonyeza tu. Silvani alinifundisha kwa kijiko na sahani: kijiko kilikuwa kijiti cha telekomande, kile kisanduku cha kuongozea, na sahani ilikuwa ndege. Ndege ikienda mbele yako, kuume kwake ni kuume kwako. Ikigeuka kuja kwako, mambo yote yamepinduka: ukiona bawa linaanguka upande mmoja, unasogeza kijiti kulekule linakoanguka, kana kwamba unaliwekea bega, na mkono wako wote unakataa, unataka kufanya kinyume. Tulirudia hilo mpaka nikawa naota vijiko. Jambo la pili lilikuwa moteri. "Ukisukuma kijiti cha mwendo, haikusikii palepale," alikuwa anasema. "Inafikiri kwanza. Unaweza kuvuta pumzi na kuitoa, njo inaanza kukamata nguvu. Kwa hiyo unaamua mbele, ungali bado na nafasi. Ukingoja kuona hatari, umechelewa." Kashindi alikuwa amesimama mlangoni na sinia. "Kumbe kama kumwita Rama kula." "Hapana," Silvani akajibu, "Rama unamwita ameshafika." Walinicheka wote wawili, nami nikala.

Jambo la tatu lilikuwa mwendo. Silvani aliazima rangi ya kucha ya Kashindi, akachora alama nyekundu ubavuni mwa telekomande, mahali ambapo kijiti cha mwendo kilikuwa kimebakiza kipande kidogo kufika mwisho. "Hapa ni kilomita mia tatu kwa saa, na njo mwisho," aliniambia. "Moteri inaweza kupita hapa. Mabawa hayawezi. Yataanza kutetemeka, na bawa likitetemeka hauna ndege tena, uko na bombe ya kulipuka." Lutala alipoiona ile alama aliuliza, kwa sauti ya chini, nani amemwekea mpaka kwenye kitu chake. Silvani akaanza kumwelezea habari ya mabawa. Lutala akampiga kofi, miwani ikaenda chini ya meza. "Nilinunua ndege nzima," akasema. "Sikununua ndege isiyofika mwisho." Halafu akaketi palepale, akala samaki wetu. Alikuwa mtu wa namna hiyo, anapiga na kula kwa mkono uleule, bila kunawa. Silvani akaokota miwani, na alama hakuifuta.

Depo ilishikana na nyumba, na ukuta mmoja tu, wa kati yake na sebule ya Lutala, ulikuwa wa mbao, na mbao za mti mbichi zinaacha nafasi zikikauka. Tulisikia yote. Jioni moja tulimsikia Kapiteni Dezire, mkubwa wa askari wa pale, ambaye kila kikao alikuwa anaweka bastola mezani karibu na chupa. Wachimbaji wa Lusangi walikuwa wamekataa kumwuzia Lutala peke yake. "Niwapige?" Kapiteni akauliza. "Ulishawapiga," Lutala akasema, "na dhahabu wanapeleka kwingine." Kapiteni akacheka. "Basi wapelekee ndege. Watu wa kule, haki ya Mungu, risasi wameizoea. Kitu cha kutoka juu njo bado kinawakojoza." Alisema kweli. Kila mtu wa upande ule alikuwa anakumbuka ndege za vita. Silvani alikuwa amelala chali, macho kwenye tumbo la ndege.

Tukaenda Lusangi kwa pikipiki, ndege imefungwa ubavuni kama mgonjwa. Silvani aliirusha kutoka kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, akaipandisha juu sana na kuizungusha huko, mbali na watu. Wachimbaji wakasimama, wakakinga macho, wengine wakaanza kucheka. Hapo Kapiteni akamwekea Silvani bastola nyuma ya sikio. "Shusha." Akashusha kidogo. "Nimesema shusha, weye mbwa." Ilipita juu ya mashimo ikipiga yowe, na watu wakakimbia kama walivyokimbia miaka ya vita, bila kuangalia mguu unakanyaga wapi. Ukingo wa shimo moja la zamani ulikatika chini ya wanaume watatu. Wawili walitambaa wakatoka. Wa tatu udongo ulimshika mpaka kifuani, ukazidi kushuka, na wenzake walipomfikia wakichimba kwa mikono alikuwa na udongo mdomoni, macho wazi. Silvani alikuwa ameshaipandisha ndege tena bila kuambiwa. Kwa hilo Kapiteni alimlaza kifudifudi barabarani akamchapa kwa mshipi wenye chuma, na Lutala akahesabu kwa sauti, anasahau, anaanza upya, askari wanacheka. Wachimbaji walikuja kuuza siku iliyofuata. Usiniulize kwa nini hatukutoroka. Mtoka Lubumbashi asiye na karatasi atapita vizuizi vya nani? Na mimi ningekwenda wapi ambako Kapiteni hakuwa na ndugu mwenye bunduki?

Kashindi alimkanda mgongo Silvani kwa maji ya chumvi, mle depo, na kwa mara ya kwanza hakumtania. Silvani ndiye aliyejaribu. "Sasa nguvu ya kuoa imeishia mu mgongo." Akamwambia anyamaze. Halafu Silvani akasema, uso umegeukia ukuta, "Siku ingine wakinilazimisha juu ya watu, nitaiangusha mu pori. Waniue." Kashindi akajibu, "Iangushe. Nitakutetea mbele ya mama." Alisema mbele ya mama, hakusema mbele ya askari, na hapo nilielewa kwamba mambo yao yalikuwa yamefika nyumbani.

Kiangazi cha mwaka ule alikuja mkubwa mmoja kutoka Kindu, na Lutala alitaka amwone na ndege yake. Kasongo nzima ilikuja uwanja wa ndege, watu wamejipanga pande zote mbili za pisti, njia ya kurukia ndege. Sasa, kwetu mgeni mkubwa hakanyagi udongo. Wanawake wanatandika vikwembe, vitenge vyao, chini, kimoja baada ya kingine, wakiimba wameinama, na mgeni anapita juu yavyo. Amuri ndiye aliyepanga. Alitaka ile ndege ndogo itue kwanza, halafu mgeni atembee nyuma yake juu ya vikwembe mpaka kwenye viti, iwe ajabu ya kusimuliwa. Akawaambia wanawake: mkisikia moteri imenyamaza, inatua, tandikeni mara moja, mkubwa asingoje. Silvani alimwambia mara mbili, nikisikia kwa masikio yangu, "Papa Amuri, sauti ikishuka haiko kutua. Ninapunguza mwendo ingali mbali, nipate kuileta polepole. Bamama bangoje mpaka iguse chini na isimame." Amuri akamwambia, "Weye rusha ndege. Mapokezi ni yangu."

Mara ya kwanza ilipita vizuri, kijiti chini ya alama, watu wakapiga vigelegele. Silvani akaigeuza kule mwisho, juu ya miti, akavuta kijiti nyuma ili ianze kushuka. Mlio ukaanguka, ukawa kama mtu anayekoroma. Amuri akapunga kitambaa. Wanawake wakaingia pisti, Kashindi mbele, wakageuza migongo, wakainama, vikwembe vinafunguka kimoja kimoja, wimbo unapanda. Niliona kidole cha Silvani kinasukuma kijiti taratibu, anakata kushoto, kwenda porini, mbele ya wakati kama alivyonifundisha. Ilikuwa na nafasi. Ninasema tena kwa wale wa Kabambare waliotikisa vichwa: ilikuwa na nafasi. Bawa lilikuwa limeshainama kuelekea pori. Lakini Lutala alikuwa nyuma yetu na mgeni wake, na alichoona yeye ni ndege yake inamkimbia mkubwa wa Kindu. "Unaipeleka wapi, mwoga weye!" Akaipokonya telekomande kutoka mikononi mwa Silvani, mkanda wa kuning'inizia ukamchana shingo, akaivuta ndege irudi kwenye pisti na kusukuma kijiti hadi mwisho, kupita alama, hadi chuma kikagonga chuma. Silvani akaruka juu yake. Kapiteni Dezire akampiga kitako cha bastola, akaanguka kwa magoti. Moteri ikafikiri. Halafu ikakamata.

Mlio ule sina neno lake. Wanawake wengine waliinuka, wengine wakalala chini, na Kashindi akageuka kuwasukuma wenzake nje kwa mikono miwili. Bawa la kuume lilianza kutetemeka mpaka halionekani, likang'oka, na kilichobaki kikaingia katikati yao na petroli yake yote. Nilikimbia huko, na mikono yangu mpaka viwikoni inajua nilichokikuta, ngozi yake inavuta mpaka leo kukiwa na baridi. Vikwembe viliwaka kwanza. Nilivuta mwanamke mmoja kwa mguu, akatoka, yuko hai mpaka leo pale Kasongo na watoto wake. Nikamvuta mwingine, akatoka kipande. Kashindi nilimjua kwa kucha.

Nilipoinua kichwa niliona kitu ambacho nimekibeba tangu mwaka ule. Lutala alikuwa anampachika Silvani telekomande mikononi, anavifunga vidole vyake juu yake, kidole kwa kidole, kama unavyomshikisha mtoto kikombe. Kisha akapiga kelele, "Silvani ameua! Mlevi ameua wanawake!" Amuri akayapokea maneno yaleyale, kwa sauti ya protokole inayofika mbali. Silvani alibaki amepiga magoti na kitu kile mkononi, damu inaingia kwenye miwani, anatazama moto. Watu wakamfikia. Waume wa wale waliokuwa wanaungua, kaka zao, watu niliotengeneza redio zao. Walimpiga kwa mawe, kwa viti vya wageni, kwa viatu. Kapiteni akangoja wachoke kidogo, ndipo akaamuru askari wapige risasi kutawanya watu, na askari hawakupiga juu, walipiga usawa wa mapaja, mpaka mgeni wa Kindu akaingizwa kwenye ndege yake akaondoka bila kuaga. Silvani askari walimburuta mpaka kwenye kontena la chuma walilolifanya kachot, mahabusu yao. Usiku kucha watu wa jirani walisikia anaita maji. Asubuhi wakamtupa nje ya mlango, na Kapiteni akasema amejinyonga. Mtu asiyeweza kusimama, amejinyonga vipi?

Hakuna aliyetaka kumzika. Nilimpeleka makaburini kwa toroli la mchanga, mikono yangu imefungwa majani ya mgomba na mafuta, ninasukuma kwa kifua. Nilikuwa ninachimba kwa kipande cha bati, karibu na kaburi alimozikwa Kashindi alfajiri ile, nilipomwona Mama Feza anakuja na jembe begani, kutoka kwenye kilio cha binti yake, nywele wazi, na nyuma yake askari mmoja wa Kapiteni aliyetumwa kulinda nisiseme. Nilifikiri amekuja kumkata maiti. Nikasimama mbele ya toroli. "Rama," akasema, "mutoto wangu alisema huyu hawezi kuishusha juu ya watu. Nani alishika?" Askari akakohoa. Nikamwambia, "Lutala, mama." Akasogeza sikio. "Sema kwa nguvu, ninazeeka." Nikalisema kwa nguvu: Lutala alishika, akasukuma hadi mwisho, Dezire alimpiga Silvani, Amuri aliwaita wanawake. Waliokuwa wanachimba makaburi mengine waliacha majembe hewani. Askari akanivuta, akauweka mkono wangu wa kuume juu ya ukingo wa toroli, akashusha kitako cha bunduki, mara moja, halafu tena, vidole vikafunguka kama si vyangu. "Sasa utarusha ndege na nini?" akasema.

Mama Feza alimtazama mpaka mwisho. "Umekosa mahali," akamwambia. "Ungevunja ulimi. Na hata hivyo miye niko na wangu." Kisha akaanza kuchimba. Kila jembe likiingia ardhini alilitaja jina, si kwa kulia, ila kwa sauti ya mtu anayefundisha mtoto: Lutala. Anainua. Lutala. Mwanamke mmoja akatoka kwenye kaburi la dada yake, akaja na jembe lake, akalitaja pia. Akaja wa pili. Wanaume waliompiga Silvani jana yake walisimama pembeni, mmoja akaketi chini akaficha uso katika magoti. Askari alitazama bunduki yake, akatazama wanawake, akarudi mjini peke yake. Mama Feza alipima kina kwa urefu wake mwenyewe, akatoka shimoni, akaenda kushika miguu ya Silvani. "Shika kichwa," aliniambia. Nikamwonyesha mkono. "Uko na mwingine," akasema. Tukamlaza kando ya Kashindi.